Ufupi wa Raymond Carver Ulitoka Wapi

(Maneno haya niliyasema mbele ya kikundi chetu cha waandishi chipukizi. Nimeyaandika upya kutoka kwenye vijikaratasi vyangu. Maswali ya katikati nimeyaondoa, ila moja.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mliojitahidi kufika na jua hili, wadogo zangu, asanteni.

Mwezi uliopita, tulipokuwa tunapitia kazi zenu, kijana mmoja, yumo humu ndani na simtaji, alinikabidhi hadithi ya kurasa mbili. Watu wawili wamekaa mezani, kuna chupa, simu inalia, basi. Nikamwuliza imeishia wapi. Akanijibu, "Mwalimu, ndiyo imeisha. Nimeandika kama Carver." Mkacheka, nami nikacheka. Njiani kurudi nyumbani kicheko kikaniisha. Kijana yule alikuwa ameiga kitu ambacho, kwa sehemu kubwa, Carver mwenyewe, yule Mmarekani mwandishi wa hadithi fupi, hakukifanya. Wahenga walituonya kuhusu nguo ya kuazima na yale isiyoyasitiri. Sasa fikirini mtu anayeazima nguo kwa mtu ambaye naye ameiazima.

Raymond Carver alizaliwa tarehe 25 Mei 1938, Clatskanie, mji mdogo wa wakata magogo katika jimbo la Oregon, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Alikulia Yakima, jimbo jirani la Washington. Baba yake, Clevie Raymond, alikuwa mtu wa Arkansas, kusini. Mwaka 1934, uchumi ulipokuwa umelala chini kabisa, alivuka nchi kwa miguu, kwa lifti za barabarani na kwa kudandia mabehewa matupu, akafika Washington kutafuta kazi. Akapata kibarua kwenye ujenzi wa bwawa la Grand Coulee. Rais Roosevelt alipokwenda kulikagua bwawa hilo, mzee alikuwa kwenye umati akisikiliza. Miaka mingi baadaye, alichomsimulia mwanawe kuhusu hotuba ile ni kwamba rais hakuwataja hata kidogo wale waliokufa wakilijenga.

Baadaye mzee alikuwa mnoa misumeno kwenye viwanda vya kupasua mbao. Alikunywa sana. Mama alihudumu migahawani na madukani. Nyumba yao, kwa kifupi, ni nyumba mnazozijua: mshahara unafika Ijumaa, na Jumatatu watu wanaanza kuulizana umekwenda wapi.

Baba huyo alifariki Juni 1967. Carver akamwandikia shairi kuhusu picha yake ya ujanani, na neno la kwanza la shairi ni Oktoba. Mwenyewe alikiri baadaye kwenye insha kwamba mambo mengine yote ya shairi ni kweli, ila mwezi aliubadilisha kwa makusudi. Alitaka neno lenye silabi zaidi ya moja ili lichelewe kidogo mdomoni. Kwa Kiingereza Juni ina silabi moja tu, Oktoba ina tatu. Basi huyu mtu ambaye dunia nzima inamsifu kwa kubana maneno, alipofika kwenye kaburi la babake alikwenda kutafuta neno refu zaidi. Liwekeni hilo akiba.

Alioa Juni 1957. Yeye alikuwa na miaka 19, Maryann Burk alikuwa na 16. Binti yao alizaliwa Desemba mwaka huohuo, na mtoto wa kiume akafuata mwaka 1958. Kwa hiyo kabla Carver hajatimiza miaka 21 alikuwa mume na baba wa watoto wawili, na kazi ya kueleweka hana. Alifanya kazi kiwandani kama babake. Alipeleka dawa majumbani kwa niaba ya duka la dawa. Alifanya kazi kwenye vituo vya mafuta. Kiangazi kimoja huko Arcata, California, alikuwa anachuma maua ya tulipu mchana, na usiku, mgahawa ukishafungwa, anausafisha ndani na kufagia uwanja wake wa kuegesha magari. Alipotaka kuandika na nyumba imejaa kelele, alitoka akakaa garini na daftari juu ya goti.

Nimewaona wawili watatu mnatikisa kichwa. Najua. Wengine hapa mnaandikia kwenye daladala.

Mwaka 1958 familia ilihamia Paradise, mji wa California, na Carver akajiandikisha chuo cha Chico. Hapo akakutana na mwalimu aliyeitwa John Gardner, ambaye wakati huo alikuwa hajachapisha riwaya hata moja. Gardner alipoona kwamba mwanafunzi wake hana pa kuandikia, alimpa ufunguo wa ofisi yake autumie siku za mapumziko. Mle ofisini kulikuwa na maboksi ya miswada ya mwalimu. Carver alikiri baadaye kwamba aliyachungulia, na vichwa vya hadithi viwili vitatu akaondoka navyo. Hilo msiige.

Gardner alimfundisha hesabu moja: ukiweza kusema jambo kwa maneno 15 badala ya 25, tumia 15. Nayo iwekeni akiba.

Mwaka 1963 wakaenda Iowa, kwenye ile karakana maarufu ya uandishi ya chuo kikuu. Fedha hazikutosha hata kidogo. Siku moja ya mwisho wa wiki, Maryann akiwa kazini anahudumia wateja, Carver alikwenda kufua nguo za familia kwenye duka la mashine za kutumbukiza sarafu. Alikuwa na mafurushi matano au sita. Kufua akamaliza, kukausha ndipo penye foleni. Anasubiri mashine moja isimame. Inakaribia kusimama, anaisogelea na nguo zake mbichi mikononi, mara mwenye nguo za mle ndani anarudi, anazishika, anaona bado zina unyevu, anatumbukiza sarafu nyingine. Carver anabaki amesimama. Watoto wanamsubiri akawachukue walikokuwa, na saa zinakwenda.

Hakuna kifo hapo wala fumanizi, ni mashine ya kukaushia nguo tu. Lakini katika insha yake ya miaka ya 1980 mapema alisema kwamba pale ndipo alipoelewa kuwa hakuna kitakachoyaongoza maisha yake, wala maandishi yake, kama jambo hili moja: ana watoto wawili, na wajibu huo haumwachii nafasi. Waandishi aliowapenda, aliwaza, hawakai Jumamosi wakigombania mashine. Riwaya inataka mtu anayeamini kwamba kesho dunia itakuwa pale alipoiacha jana. Dunia yake yeye ilibadilisha sheria kila siku, na kodi ya nyumba ilikuwa mbele kuliko mwezi ujao. Kwa hiyo akachagua vitu anavyoweza kuvimaliza kwa kikao kimoja au viwili, na kulipwa mapema: mashairi na hadithi fupi.

Huo ndio mkato wa kwanza, ndugu zangu. Ufupi wa kwanza wa Carver ulitokana na nguo mbichi.

Naomba hapa nimtaje Maryann vizuri, kwa sababu kwenye simulizi nyingi anapita kama kivuli cha nyuma ya pazia. Huyu mama alihudumu mezani miaka na miaka, akafanya vibarua vya kila aina, akasoma kwa kuviziavizia hadi akawa mwalimu wa sekondari. Kila walipohama, na walihama mno, yeye ndiye aliyetafuta kazi kwanza ili mume aandike. Mwaka 2006 alitoa kitabu chake cha kumbukumbu. Kisomeni baada ya hadithi za Carver, na mtawatambua wale wanawake wanaosimama jikoni usiku wakihesabu bili. Wana jina.

Baada ya Iowa walirudi California, na Carver akapata kazi ya usafi kwenye hospitali ya Mercy, Sacramento, baadaye zamu ya usiku. Mwaka 1967 ukaja na kila kitu kwa mkupuo: wakatangazwa mufilisi mahakamani, baba akafariki, na hadithi yake moja ikachaguliwa kuingia kwenye mkusanyiko wa kila mwaka wa hadithi bora za Marekani. Mwaka huohuo akapata kazi yake ya kwanza ya kukaa kwenye kiti, uhariri wa vitabu vya kiada huko Palo Alto. Na huko Palo Alto ndiko alikofahamiana na mtu aliyeitwa Gordon Lish.

Lish naye alikuwa mhariri wa vitabu vya kiada, ng'ambo ya barabara tu. Mwaka 1969 akaenda New York kusimamia hadithi kwenye jarida la Esquire, na huko akajitangaza kama nahodha wa hadithi, kwa maneno yake mwenyewe. Mwaka 1971 akaichapisha hadithi ya Carver kuhusu mume na mke wanaoachiwa funguo za nyumba ya majirani waliosafiri. Kwa mwandishi aliyekuwa akituma kazi zake kwenye majarida ya vyuo yanayolipa kwa nakala mbili za jarida lenyewe, Esquire ilikuwa mbingu ya saba. Mwaka 1976 kikatoka kitabu chake kikubwa cha kwanza, *Will You Please Be Quiet, Please?*, tuseme Tafadhali Naomba Unyamaze, na mwaka uliofuata kikaingia kwenye orodha ya waliopendekezwa kwa Tuzo ya Taifa ya Vitabu.

Lish alikuwa na hesabu yake pia. Gardner alisema 15 badala ya 25. Lish akasema, kama unaweza kwa maneno 5, ya nini 15?

Lakini mtu aliyepokea sifa za mwaka 1976 alikuwa amelewa. Sitaki kupamba ulevi wake, maana kuna vijana wanaodhani chupa ni sehemu ya vifaa vya kazi. Mwaka 1973 Carver alikuwa anafundisha Iowa pamoja na John Cheever, mwandishi mkubwa aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 25. Wote wawili walikuwa walevi, na Carver alisema kwamba muhula ule hadhani kama kuna aliyefunua taipureta. Mara mbili kwa wiki walikwenda na gari la Carver kununua pombe. Siku moja walipatana wakutane mapema, duka lifunguliwe wakiwa hapohapo. Carver akamkuta mzee wa watu anazungukazunguka chini hotelini, kavaa viatu bila soksi na baridi yote ile. Walipofika dukani, Carver alikuwa bado anaegesha gari. Alipoingia ndani, Cheever tayari yuko kaunta na chupa yake kubwa ya wiski. Watu husimulia kisa hiki wakicheka. Carver hakuandika chochote cha maana miezi ile.

Kati ya 1976 na 1977 alilazwa mara nne kwa ajili ya pombe. Ndoa ikavunjika taratibu, nyumba ikauzwa. Tarehe 2 Juni 1977 akaacha, na hakurudi tena. Aliwahi kumwambia mhojaji kwamba katika maisha yake hakuna anachojivunia kuliko hicho. Miezi michache baadaye, kwenye mkutano wa waandishi huko Dallas, akakutana na mshairi Tess Gallagher, na kuanzia 1979 wakawa wanaishi pamoja. Mwaka 1980 alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na meza, mshahara na kichwa chenye uzima. Na tazameni kilichotokea kwenye kazi zake: zikaanza kurefuka. Wahusika wake wakaanza kuongea. Wakaombana radhi. Wakakumbuka mambo.

Akakusanya hadithi 17, akampelekea Lish, ambaye sasa alikuwa mhariri kwenye kampuni ya uchapishaji ya Knopf. Lish akachukua kalamu.

Aliondoa zaidi ya nusu ya maneno ya kitabu kizima. Hadithi nyingine zilibaki chini ya theluthi moja. Alibadilisha vichwa, alibadilisha miisho, aliandika sentensi zake mwenyewe ndani. Carver alipoona kilichorudi hakulala usiku ule. Tarehe 8 Julai 1980, saa mbili asubuhi, alimwandikia Lish barua ndefu, na ukiisoma unaona mkono unatetemeka. Anamshukuru, anamsifu, anamwita rafiki, kisha anamsihi asimamishe uchapishaji. Anasema marafiki wamekwisha kuzisoma hadithi hizo zikiwa nzima. Atawatazama vipi usoni? Anasema kitabu kikitoka hivyo huenda asiandike tena. Mtu mwenye miaka mitatu tangu aache pombe, ambaye uandishi ndio uliomshikilia wima, anamwomba mtu aliyemtoa gizani asimrudishe.

Siku chache baadaye barua zake zikalegea. Kitabu kikatoka Aprili 1981, kwa sehemu kubwa kama Lish alivyotaka. Ndicho *What We Talk About When We Talk About Love*, yale Tunayoyazungumza Tukizungumzia Mapenzi. Kikapigiwa makofi kila upande. Wahakiki wakampa Carver jina la shule nzima ya uandishi, shule ya uchache, na yeye jina hilo hakulipenda kamwe. Alisema linanusa udogo wa maono.

Huo ni mkato wa pili, na huu haukutokana na nguo mbichi.

Umma haukujua hadi mwaka 1998, mwandishi wa habari D. T. Max alipokwenda kwenye maktaba ya Lilly, Chuo Kikuu cha Indiana, ambako Lish aliuza nyaraka zake, akaandika alichokiona kwenye kurasa zile zilizochorwachorwa. Mwaka 2009 miswada ya awali ikachapishwa kama kitabu kamili, *Beginners*, na sasa yeyote anaweza kuweka vitabu viwili mezani na kulinganisha.

Hapa ndipo dada mmoja aliponyoosha mkono akauliza: "Kwa hiyo huyu Lish ni mwizi?"

Hapana, dada yangu, na jibu hili nimelifikiria muda mrefu. Mimi mwenyewe nimewahi kukatwa. Gazeti moja lilichapisha hadithi yangu likaondoa aya tatu za mwisho ili tangazo la magodoro lienee, na mhusika wangu hadi leo yuko mlangoni hajaingia. Lakini Lish hakukata kwa sababu ya magodoro. Sikio lake lilikuwa kali mno. Kuna sentensi zinazonukuliwa duniani kote kama za Carver, ambazo zingekuwa dhaifu bila yeye. Hata Carver mwenyewe, alipochagua hadithi zake bora mwaka 1988 kwa kitabu cha jumla, baadhi alizirudisha katika urefu wake na baadhi aliziacha kama zilivyotoka mkononi mwa Lish. Kile kisa chenye jina la kitabu cha 1981 alikiacha kilivyokuwa, kimekatwa. Kwa hiyo mwenye mali naye alikiri kwamba mkasi ule mara nyingine ulikata penyewe.

Ninachomlaumu Lish ni kitu kingine. Maneno alijua kuyakata. Alipofika kwenye huruma akaidhani nayo ni maneno. Mhusika akiomba msamaha, anafutwa. Akilia, analetewa ukimya. Akieleza kwa nini, maelezo yanatoka, inabaki simu inayolia. Na sisi wasomaji, pamoja na kijana wangu wa kurasa mbili, tukaambiwa kwamba ukimya ule ni wa mtoto wa mnoa misumeno wa Yakima, kwamba watu maskini ndivyo walivyo, hawana la kusemezana. Mnaona hatari yake? Nimeishi na watu wasio na fedha maisha yangu yote. Hawanyamazi.

Niseme kidogo kuhusu kutafsiri, kwa kuwa ndiyo kazi yangu nikiwa na muda. Ipo hadithi yake moja fupi mno, kama ukurasa na nusu. Aliitoa kwa vichwa vitatu tofauti miaka tofauti, kimojawapo *Popular Mechanics*. Mume anafunga sanduku anaondoka, mke anafurahi na kulia, kisha wote wawili wanamtaka mtoto mchanga. Wanamvuta, huyu mkono huu, huyu mkono ule. Hakuna jina hata moja. Kwa Kiingereza viwakilishi vinatenganisha mwanamume na mwanamke, kwa hiyo hadithi inakwenda kwa "akasema, akasema" na msomaji hapotei. Nikakaa nayo kwa Kiswahili na ndani ya mistari minne nikapotea mwenyewe. Akamvuta, akapiga kelele, akaachia: nani? Nikaweka "mume" na "mke" kila mahali, ikawa kama kesi ya mahakama ya mwanzo. Nikajaribu kuwapa majina, nikaona nimeharibu. Mwishowe niliiacha baadhi ya mistari bila kuonyesha nani ni nani, na nikagundua inatisha zaidi kuliko ya Kiingereza, maana katika kumvuta mtoto hawatofautiani tena.

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyonishinda. Inasema kwamba kwa njia hiyo shauri likaamuliwa, na neno alilolitumia kwa "shauri", *issue*, ni lilelile ambalo kwenye hati za kisheria za Kiingereza lina maana ya mzao, mtoto. Haki ya Mungu, sijalipata. Haruki Murakami, mwandishi wa riwaya wa Japani, alitafsiri kazi zote za Carver kwa Kijapani, na mwaka 1984 alimtembelea nyumbani kwake. Laiti ningemwuliza alifanyaje hapo.

Tuendelee. Baada ya 1981 Carver alibadilika. Agosti 1982, alipokuwa anatayarisha kitabu kingine, alimwandikia Lish kwamba safari hii hadithi hazitakatwa viungo ili zienee kwenye boksi na kifuniko kifunge. Kama kuna mkono au nywele zitakazochomoza nje, zichomoze. Na ndivyo ilivyokuwa. *Cathedral*, Kanisa Kuu, kilitoka 1983 kikiwa na hadithi 12, karibu zote katika upana wake. Hadithi iliyokipa jina ina mume mmoja mwenye wivu na kinywaji mkononi, ambaye anaudhika kwamba rafiki kipofu wa mkewe anakuja kulala kwao. Usiku, mke akiwa amesinzia kwenye kochi, televisheni inaonyesha makanisa makuu ya Ulaya. Mwenyeji anajaribu kumweleza mgeni kanisa kuu likoje, anashindwa. Kipofu anamwambia alete karatasi. Wanachora pamoja juu ya mfuko wa karatasi wa dukani, mkono wa kipofu umepanda juu ya mkono wa mwenye macho, kisha kipofu anamwambia afumbe macho aendelee. Carver alisema alipoiandika alijua amefika mahali hajawahi kufika.

Mwaka huo wa 1983 Chuo cha Marekani cha Sanaa na Fasihi kikampa tuzo ya Strauss: dola 35,000 kila mwaka kwa miaka mitano, kwa sharti kwamba asiwe na ajira nyingine. Akaacha ualimu. Akakimbia kelele za Syracuse, akaenda Port Angeles, mji wa kwao Gallagher, kwenye mlango wa bahari kati ya Marekani na Kanada, akavua samaki. Watu walitegemea riwaya sasa. Mashine ya kukaushia nguo haipo tena, watoto wamekua, fedha ipo. Akaandika mashairi! Mamia ya kurasa za mashairi, marefu, ya kusimulia, hayana haraka na mtu. Mimi nacheka kila nikifika hapo.

Hadithi yake ya mwisho kuchapishwa akiwa hai ilitoka 1987 kwenye jarida la New Yorker, na inahusu kifo cha mwandishi Mrusi Anton Chekhov huko Badenweiler, Ujerumani, mwaka 1904. Chekhov ndiye aliyempenda kuliko waandishi wote. Daktari anaona hakuna tena cha kufanya, anaagiza shampeni. Carver alipoiandika hakujua kwamba naye ni mgonjwa. Septemba mwaka huo alitema damu, na Oktoba alifanyiwa upasuaji na kuondolewa sehemu kubwa ya pafu la kushoto. Alikuwa mvutaji sigara wa kupindukia. Mwaka 1988 saratani ikapanda kichwani, kisha ikarudi mapafuni. Tarehe 17 Juni akafunga ndoa na Tess Gallagher huko Reno, Nevada. Tarehe 2 Agosti akafariki nyumbani Port Angeles, na miaka yake 50.

Mkato wa tatu huo, na hauna mhariri wa kulalamikiwa.

Sasa, mwenyekiti ameniomba nisome kitu kabla ya chai. Nimeleta nakala mbili za hadithi moja. Mama anaagiza keki ya chokoleti yenye picha ya chombo cha anga kwa sherehe ya kuzaliwa ya mwanawe. Asubuhi ya siku yenyewe mtoto anagongwa na gari akienda shule. Anapoteza fahamu, wazazi wanakesha hospitali, na mwoka mikate, ambaye hajui lolote ila keki yake imebaki dukani, anapiga simu nyumbani usiku kwa usiku. Katika nakala ya Lish, iliyokatwa zaidi ya theluthi mbili, mama amerudi nyumbani kuoga, simu inalia, sauti inasema inahusu mtoto. Mwisho. Hatujui kama mtoto yuko hai.

Katika nakala ya Carver, ambayo aliirudisha kwenye kitabu cha 1983 na ikashika nafasi ya kwanza kwenye tuzo ya O. Henry ya hadithi fupi mwaka huohuo, mtoto anakufa, na wazazi wanakwenda dukani kwa yule mwoka mikate usiku wa manane, mama amejaa hasira ya kuua. Mwoka mikate anafuta meza, anawavutia viti, anaomba msamaha, anawatolea mikate ya mdalasini kutoka kwenye oveni. Wanakula. Yeye anaongea, na wao wanamsikiliza hadi kunakucha.

Kijana wangu, wewe wa kurasa mbili, njoo hapa mbele unishikie maiki. Tutaanza na hii ndefu. Chai itasubiri.